Herufi Zilizonyolewa

Marselino Bujiku alikuwa mtu aliyechoka. Siuzungumzii uchovu wa siku moja, ule unaoondoka kwa uji wa moto na usingizi mzuri. Huu ulimwingia taratibu, mwaka baada ya mwaka, kupitia macho na mkono wa kulia, akiandika kwenye mbao maneno ya watu wengine. Alikuwa mwandishi wa vibao katika mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, na kila ulichokisoma pale, tangu geti la kuingilia hadi choo cha mwisho nyuma ya kambi, kilikuwa kazi ya brashi yake. Ukikatazwa kuvuta sigara karibu na bohari ya baruti, Marselino ndiye aliyekukataza. Ukiambiwa usipite, yeye ndiye aliyekwambia. Nyumbani kwake lakini hakuwa na amri hata ya chumvi. Mkewe Paskalia akisema leo ni mlenda, ulikuwa mlenda, na mwandishi wa makatazo yote ya mgodi alikula akanyamaza.

Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, kwao jirani kabisa na misheni. Alipokuwa kijana, bruda mmoja mzee aliyekuwa fundi wa misheni alimfumania akichora ng'ombe kwa mkaa kwenye ukuta uliotoka kupakwa chokaa. Bruda hakumchapa, au tuseme alimchapa kwanza, kisha akampa brashi. Akamfundisha herufi za kanisani. Herufi zile zilikuwa na mambo mengi. Mstari ulioshuka ulikuwa mnene, uliopanda ulikuwa mwembamba kama unywele, na kila herufi ilivaa viatu, vijiti vidogo miguuni ili isimame kwa heshima mbele ya Mungu. Herufi ya mwisho wa jina iliruhusiwa mkia, nao ulijikunja ukarudi chini ya jina lote. Ubao mmoja uliweza kula wiki nzima. Bruda hakuwa na haraka, maana nusu yake ilikwisha kwenda mbinguni, iliyobaki ilikuwa inangojea chakula cha mchana.

Na ujuzi huo Marselino alikuja nao mgodini. Huko ndiko alikomwoa Paskalia, Msukuma wa Usiha, upande wa Shinyanga, aliyekuwa amemfuata kaka yake kambini akajikuta haondoki tena. Paskalia alikuwa mfinyanzi. Mitungi yake ilijulikana kambi nzima kwa sababu haikuvuja na kwa sababu mwenyewe hakukubali mtu aikosoe. Hakujua kusoma wala hakutaka kujua. Mumewe alipojaribu kumfundisha mwanzoni mwa ndoa, alimjibu kwamba nyumba yenye mtu mmoja wa kuumwa macho inatosha.

Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Thobias. Kijana mwembamba, mcheshi, ndevu ndiyo kwanza zinaota, alianza kazi ya kusukuma magari ya mawe na alikuwa na tabia ya kuimba akioga mpaka majirani wanamrushia vikombe. Mwaka vita vya pili vya Wazungu vilipokaribia kwisha, homa ya uti wa mgongo iliingia kambini. Jumatatu Thobias alilalamika shingo. Ijumaa walimzika.

Mgodi uliwapa wafu wake misalaba, hilo lazima lisemwe. Seremala aliikata yote kwa kipimo kimoja, kwa mbao za aina moja, akaipaka rangi nyeupe ya aina moja, na Marselino ndiye aliyeandika majina kwa rangi nyeusi ya mafuta. Msalaba wa Thobias aliuchukua nyumbani. Alikaa nao uani siku nyingi, hali vizuri, anaandika. Aliweka pale kila kitu alichofundishwa na bruda. Wembamba ulikuwa mwembamba mpaka unashika pumzi ukiutazama, viatu vilikaa sawa, na ile S ya mwisho aliitia mkia mrefu uliopita chini ya jina zima ukajikunja mwishoni kama mkia wa ndama anayekimbia. Katika maisha yake hakuandika kitu kizuri kuliko hicho. Ni jambo chungu, mtu kufanya kazi yake nzuri kuliko zote kwa sababu kama hiyo.

Paskalia hakulisoma jina hilo. Alilijua kwa kidole. Kila Siku ya Marehemu Wote, mwezi wa kumi na moja mvua zikianza, wanawake wa kambi walikwenda makaburini kung'oa majani na kupaka chokaa mawe yaliyozungushwa. Paskalia akimaliza kazi hiyo alichuchumaa, akaweka kidole kwenye mwanzo wa jina, akalifuata polepole, akishuka na mnene, akipanda na mwembamba, mpaka kwenye mkia. Kwenye mkia alikuwa akirudia mara nyingi. Kisha anasimama, anajipangusa magoti, anasema, "Haya, nimempata," na kwenda zake. Ndivyo alivyomsalimia mwanawe.

Sasa, habari ya herufi mpya. Miaka michache baada ya vita alikuja mchoraji ramani mpya, Mzungu mrefu asiye na nyusi, ambaye hakuonekana bila bikari mfukoni. Watu wakamwita Bwana Bikari. Siku za mwanzo alishuka shimoni na taa ya kabaidi, akapanda juu amekunja uso, akamwita Marselino. Akamwambia vibao vya huku chini ni vizuri sana, vinapendeza sana, na havisomeki. Katika moshi na giza, alisema, ule wembamba unapotea, viatu vinagusana, na mtu anaona uchafu mweusi tu mahali palipoandikwa HATARI. Akamkabidhi karatasi kubwa yenye herufi zake mwenyewe.

Marselino aliitazama karatasi ile kama mtu aliyeletewa ugali bila mboga. Herufi hazikuwa na viatu. Hazikuwa na mnene wala mwembamba. Mstari ulikuwa na unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. O ilikuwa duara, basi. T ilikuwa mistari miwili. A ilikuwa paa la nyumba lililowekewa boriti. B ilikuwa mti mmoja ulioegemewa na nusu duara mbili. S ilikatwa kutoka kwenye duara mbili zilizopandana. Ulihitaji rula, bikari na subira, mambo ya moyo hayakuulizwa.

Eustace, Mhaya aliyekuwa mtunza bohari, alikuja kuviona vibao vya kwanza vikikauka juani, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Marselino, ndugu yangu, hizi herufi zimefungwa jela? Mbona zimenyolewa na kuvuliwa viatu?"

"Ndivyo Bwana anavyozitaka."

"Zimefanya kosa gani?"

"Nenda kahesabu majembe yako, Eustace."

Jina likashika: herufi zilizonyolewa. Kambi nzima ikaziita hivyo, na Marselino akaona aibu kwa niaba yao.

Lakini kazi ni kazi, na mtu akishinda na kitu anakizoea. Bwana Bikari alimfundisha mambo ambayo hakuyategemea. Kwamba mstari uliolala ukiupa unene sawa na uliosimama, uliolala utaonekana umevimba, kwa hiyo unaupunguza kidogo. Kwamba O ukiifanya ndefu sawasawa na H, macho yataiona imesinyaa, kwa hiyo unaiacha ivuke mstari kidogo juu na kidogo chini, halafu inaonekana sawa. Unyofu ule wote, kumbe, ulikuwa na ujanja ndani yake. Marselino alikwenda nyumbani akamweleza Paskalia, na Paskalia, mikono imejaa udongo, akasema kumbe Wazungu nao wanajua kudanganya macho, yeye alidhani wanadanganya kwenye mizani tu.

Akaandika upya mgodi mzima. Namba za mashimo, milango ya ofisi, matangi ya maji, pande mbili za malori, zahanati, bohari ya baruti. Aliandika choo cha Wazungu, choo cha Wahindi na choo cha Waafrika, vyote kwa herufi zile zile, kipimo kile kile, na vyoo vyenyewe havikuwa na kipimo kile kile hata kidogo. Shimoni watu walianza kusoma HATARI wakiwa mbali. Hilo Marselino hakuweza kulibisha. Makaburini nako amri ilikuwa ni hiyo hiyo, kwa hiyo misalaba mipya yote ikawa na majina yaliyonyolewa. Alikuwa akiandika jina la mfu kabla ya chai na kuandika USITEME MATE HAPA baada ya chai, kwa mkono ule ule, na jioni hakukumbuka tofauti. Hapo ndipo uchovu ulipomkaa sawasawa.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na moja Paskalia alipokwenda Usiha kumwuguza mama yake. Alidhani atakaa mwezi, akakaa karibu mwaka, mpaka akamzika mzee. Siku moja katika upweke huo Marselino alikwenda makaburini kupeleka msalaba wa mtu, akaenda kumtazama mwanawe. Akasimama akashangaa. Jina lilikuwa limekwisha. Mvua na jua vilianza na ule wembamba wa kujivunia. Mistari iliyopanda haikuwepo tena, viatu vimebanduka, mkia umebaki vipande viwili vitatu ambavyo ungedhani ni uchafu wa ndege. Iliyobaki ilikuwa minene iliyoshuka, miti mitupu isiyosema jina la mtu yeyote. Na pembeni yake misalaba ya juzi, ya herufi zilizonyolewa, ilikuwa inasomeka kama jana. Rangi ilikuwa nene kila mahali, jua halikupata pa kuanzia.

Marselino alilia pale, peke yake, bila kujificha. Kisha akaona afadhali afanye kitu. Akaukwangua ule msalaba, akaupaka rangi nyeupe mpya, akaandika THOBIAS BUJIKU kwa rula na bikari, herufi ambazo hazitaliwa. Aliifanya kazi hiyo kwa upendo, na nataka ieleweke hivyo, kwa sababu baadaye aliambiwa mengi. Alimtaka mama mtu akirudi akute jina la mwanawe zima na jeusi, litakalowazidi umri wote wawili. Akakaa akimngojea mkewe, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa na siri ya furaha.

Paskalia alirudi siku mbili kabla ya Marehemu Wote, amekonda, msiba wa mama yake bado uko usoni. Marselino hakumwambia neno. Alitaka aone mwenyewe. Asubuhi ile Paskalia alijitwisha ndoo ya chokaa, akafuatana na jirani yao Generosa, mjane mpole wa Masumbwe, na Marselino akabaki nyumbani akijifanya anasafisha brashi.

Katika mwaka ule mmoja makaburi yalikuwa yamegeuka. Kulikuwa na safu mpya, ua ulisogezwa, na mgunga uliokuwa kwenye kona ulikatwa kwa ajili ya kuni. Paskalia hakujali, maana hakuwahi kumtafuta mwanawe kwa ua wala kwa mti. Alipita safu ya kwanza akitafuta mkia wa ndama. Akapita ya pili. Misalaba ilikuwa sawa yote, vipimo sawa, rangi sawa, na maandishi yote yalikuwa yale ya bohari. Akarudi mwanzo. Generosa, ambaye naye hakusoma, alidhani mwenziwe anaomba, akamwacha. Alipomwona anazunguka mara nyingine tena, ndoo imemwagika kichwani na chokaa inamchuruzika shingoni bila yeye kuhisi, alimkimbilia.

"Mama Thobias, unatafuta nini?"

"Mayo! Hayupo. Wamemwondoa."

"Nani amemwondoa?"

"Simpati, Generosa. Mwanangu hayupo hapa."

Alirudi nyumbani mbio, mwanamke wa makamo, kanga imefunguka, akamkuta mumewe amekaa uani na tabasamu lake la kungojea shukrani. Marselino aliposikia kilichotokea, alimshika mkono, akarudi naye hadi makaburini, akamsimamisha mbele ya msalaba ambao mkewe alikuwa ameupita zaidi ya mara moja.

"Huyu hapa. Nimemwandika upya. Jina ni lile lile, Mama Thobias. Ile rangi ya zamani ilikuwa imekwisha."

Paskalia aliutazama. Alinyoosha kidole, akakiweka kwenye T, akakishusha. Akakitoa kama aliyeungua.

"Yaya, hapana. Hii ni ya kwenye baruti."

"Herufi ni za namna moja, lakini jina ni la Thobias."

"Hii iko kwenye lori. Iko chooni, Baba Thobias. Kila siku naiona chooni." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. "Nimemzika mama yangu nikasema sawa, nina mwanangu wa kumwendea. Narudi, umemwandika mwanangu kama choo."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Ungemwambia habari ya wembamba na unene, na jua na mvua? Marselino alimwambia hata hivyo, maskini, akiwa amesimama kwenye umande, akimweleza jinsi rangi inavyobanduka, na Paskalia akageuka akaenda zake katikati ya sentensi.

Nyumba ikawa nzito. Paskalia alipika, aliteka maji, alifinyanga, hakusema. Marselino alichukua ubao na rangi, akaazimia kuurudisha mkia. Angeandika upya herufi za kanisani, zikifutika angeandika tena, kila mwaka kama ingebidi, mpaka afe. Alikaa uani pale pale alipokaa zamani, akachovya brashi, akaanza T. Unene ulikuja. Alipofika kwenye wembamba, mkono ulitikisika. Akafuta. Akaanza tena, mkono ukatikisika tena, na mstari ukaenda kama njia ya siafu. Macho nayo yalikuwa na ukungu, ukungu aliokuwa anausingizia moshi wa jikoni. Alijaribu hiyo siku, akajaribu kesho yake na kesho kutwa. Miaka mingi ya rula na bikari, ya madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi, ya kupanda ngazi, ilikuwa imekula ile pumzi ndogo aliyofundishwa na bruda. Hakuwa nayo tena.

Paskalia alikuwa upande wa pili wa ua, anaviringisha udongo. Alikuwa akimwona muda wote huo.

"Umeshindwa," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku nyingi.

"Nimeshindwa." Marselino aliweka brashi chini. "Mkono umekwisha, Mama Thobias. Siwezi tena ile ya kanisani. Hata ungenipiga, siwezi. Nimechoka mpaka kwenye mifupa, na kitu kimoja nilichokuwa nakijua kimeondoka sijui lini."

Alisema akiwa ameinamisha kichwa, na hakuona mkewe alivyomtazama. Kisha Paskalia akauliza, bila upole lakini bila ukali:

"Hilo jina lake, kwa hizi za kunyolewa, linakwendaje?"

Marselino alichukua chaki akachora chini, kwenye udongo uliofagiliwa, herufi moja moja, akimwambia majina yake. T, mistari miwili. H, mistari mitatu. O, duara. B, ule mti na nusu duara zake. I, mti mtupu. A, paa. S, duara mbili zilizokatwa. Paskalia alizunguka akazitazama kwa upande huu na upande ule, mikono kiunoni, kama anavyotazama mtungi wa mtu mwingine.

"Unene wake ni mmoja," alisema.

"Ni mmoja."

"Haubadiliki popote?"

"Unabadilika kidogo sana. Lakini ni kama mmoja."

"Basi hii ni kamba." Akainama, akachukua kamba ya udongo aliyokuwa ameiviringisha kwa ajili ya mtungi, nene kama kidole, akailaza juu ya duara la chaki. Ilikaa. Akakata vipande viwili akavilaza juu ya T. Vikakaa. "Ile ya zamani singeiweza. Kamba haina wembamba wa unywele. Hii naiweza."

Hapo Marselino alinyanyua kichwa. Mkewe alikuwa amekwisha kwenda kutafuta udongo.

Alitengeneza bamba, pana kama sinia, akachanganya udongo na vigae vilivyosagwa ili usipasuke, akalilainisha kwa jiwe lake la mtoni. Akachanja mahali pa kila herufi, akapaka uji wa udongo, akagandisha kamba. Marselino alikaa karibu akimwambia ipi inafuata, na zaidi ya hapo hakuthubutu. S ilimsumbua, akaivunja mara kadhaa akiitukana kwa Kisukuma. O aliizungusha kwa mkono mmoja, bila bikari wala kitu, kama aliyezungusha midomo ya mitungi maisha yake yote. Akarudi nyuma akaitazama.

"Imesinyaa hii," alisema, akaongeza kamba kidogo mpaka ikavuka wenzake juu na chini.

Marselino aliona, akamwambia ipi inafuata. Alihisi kitu kifuani ambacho hakikuwa uchovu.

Bamba la kwanza lilipasuka motoni, ufa ukapita katikati ya B. Paskalia alilia kwa hasira, akalia na kwa mengine, kwa mama yake na kwa mwanawe, yote pamoja, na mumewe alimshika mabega kando ya jivu. La pili alilikausha kivulini muda mrefu zaidi, akalichoma kwa samadi kavu na moto wa polepole. Lilitoka jekundu, zima, ukiligonga linalia vizuri. Eustace alikuja kuliona, akafungua mdomo atanie, akamwona Paskalia, akaufunga. Walilipeleka makaburini wakalilaza miguuni pa msalaba, wakalizungushia mawe.

Siku ya Marehemu iliyofuata Paskalia alipita safu zote bila kusita, akachuchumaa, akaweka kidole kwenye T. Mkia haukuwepo. Alichelewa kidogo mwishoni, kwenye S, kidole kikitafuta pa kuendelea, na hapakuwa na pa kuendelea. Akakirudisha kwenye O akazunguka nayo.

"Haya," alimwambia Generosa, "nimempata." Lakini alilisema kwa sauti ya chini kuliko zamani.

Miaka ilikwenda. Macho ya Marselino yakawa ukungu mtupu, mgodi ukampa mkono wa kwaheri, na kijana mwingine akachukua karatasi ya Bwana Bikari. Mchwa waliula msalaba wa Thobias, na misalaba mingine mingi, pamoja na rangi yake iliyokuwa haibanduki. Mzee alikaa uani akisikiliza udongo ukipigwa. Alikuwa akisema hana haja ya kwenda popote, kila kitu alishakiona na alichokiandika kilimchosha.

Mwaka mmoja mvua zikianza Paskalia hakumsikiliza. Alimvalisha koti, akamshika kiwiko, wakaenda polepole, Generosa mbele na ndoo. Marselino alihisi nyasi mbichi zikimlowesha miguu, akajua wamefika kwa sababu mkewe alisimama.

"Chuchumaa," Paskalia alisema.

"Magoti yangu, Mama Thobias."

"Chuchumaa."

Akachuchumaa. Paskalia aliuchukua mkono wake wa kulia, ule ule, akakinyoosha kidole chake akakiweka juu ya udongo. Marselino alikutana na ukingo. Akaushuka. Akavuka boriti ya H, akapanda, akashuka. Akaingia kwenye duara akazunguka hadi alipoanzia, akaenda hivyo hivyo kwenye B na I na paa la A, mpaka kwenye ile S iliyotukanwa, iliyokaa kombo kidogo. Maisha yake yote aliandika ili watu waone. Hakuwahi kusoma kitu gizani.

"Umempata?" Paskalia aliuliza.

"Nimempata."

"Basi kaa hapo, upumzike," alimwambia, akaenda kuchukua chokaa.